Posa Ndani ya Kamba

Mzee Usi alikohoa mara mbili kusafisha koo, na ukumbi mzima ukamtazama. Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, mwaka wa ile homa ya mafua iliyoingia Unguja kwa meli, na mtu hakuthubutu kukohoa ovyo mbele za watu.

"Si homa," alisema haraka, kiganja juu. "Ni adabu tu. Mtu hawezi kutaja binti wa watu na koo limejaa vumbi la njia nzima kutoka Jambiani."

Watu wakacheka, wakapumua. Mzee Usi alikuja kumposea mtoto wa ndugu yake, Mjaka, kijana aliyeajiriwa kutunza vitalu vya miche katika shamba la Serikali Kizimbani. Kando yake alikaa Bi Sichana, mama wa huyo Mjaka, mwanamke mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Ilikuwa waje watu sita. Wanne walibaki shamba kwa kuogopa mafua ya mjini.

Mwenye nyumba, Msabah, alikuwa fundi wa taa za karabai na majiko ya stovu, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Darajani. Siku ile alivaa kanzu ya Idi. Mkewe, Bi Kazija, alikuwa hajapumzika tangu juzi kwa kuupamba ukumbi: viti sita vya mgongo mrefu, vikombe vya kaure vyenye ukingo wa dhahabu, na redio ya betri juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kudarizi. Binti mwenyewe, Mwatum, alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani, amezuia pumzi.

"Sasa," alisema Mzee Usi, "sisi tumekuja..."

Filimbi ikalia nje, na baada yake vishindo vya viatu vizito.

Kichochoro cha Birikani kilikuwa na nyumba kumi na moja na mdomo mmoja tu. Msabah alipotoka barazani alikuta askari wawili wanafunga kamba mdomoni hapo, kutoka ukuta hadi ukuta, na mbele yao amesimama Bwana Afya, kijana aitwaye Shamsi, suruali yake ya kaki imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata, kitambaa cheupe kimefunika pua. Alisoma karatasi bila ya kuinua macho.

"Kwa amri ya Serikali, hapa pamewekwa karantini siku kumi na nne. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Baharia wa nyumba ya mwisho ameshikwa na homa. Na akitokea mgonjwa mpya, hesabu ya siku inaanza tena mwanzo."

"Bwana mkubwa," Mzee Usi alijipenyeza, "sisi si wa hapa. Tumekuja kwa neno moja tu, na gari letu la shamba linaondoka saa kumi na moja."

"Aliyekutwa ndani ni wa ndani."

"Neno lenyewe hata sijalisema!"

"Basi utapata nafasi ya kulisema," alijibu Shamsi, akakunja karatasi yake.

Wakarudi ukumbini. Kahawa ilikuwa imepoa. Msabah, kwa kutaka kuonyesha kuwa nyumba yake haitishwi na kamba, aliketi akajiweka sawa. "Haya, Mzee wangu. Tuliishia kwenye 'sisi tumekuja'."

Mzee Usi akatikisa kichwa. "Hapana, Bwana Msabah. Posa ni kuuliza, na mwenye kuuliza lazima awe na njia ya kuondokea akiambiwa hapana. Ukinikataa saa hizi, nikalale wapi? Juu ya kamba? Au nikae kwako wiki mbili, nnakula wali wako, na uso nimeuficha wapi?"

Msabah alifikiri, akaona mzee ana haki. "Na mimi nikikubali, watu watasema nimekubali kwa haya tu, kwa vile siwezi kumtoa mgeni nje."

"Basi neno tuliweke."

"Tuliweke."

Nyuma ya pazia Mwatum akaiachia pumzi yake yote kwa mkupuo, hata Bi Sichana akaisikia, akatabasamu peke yake.

* * *

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asubuhi ya siku ya tatu Mzee Usi alisimama barazani, mikono ya kanzu ameikunja. "Jembe liko wapi?"

"Mjini hapa jembe nitalitoa wapi?" alisema Msabah.

"Basi nipe ulicho nacho."

Akapewa karabai nne zilizokuwa zimeletwa kutengenezwa kabla ya kamba, azisugue kwa ndimu na majivu. Alikuwa anaimaliza ya kwanza wakati dirisha la nyumba ya mbele lilipofunguka na kichwa cha Bi Mwanaasha kikatokeza. Bi Mwanaasha alikuwa mke wa Bakar, mzee aliyekuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia melini, miaka thelathini kabla ya kustaafu, na sauti yake ilikuwa kama yeye ndiye aliyezoea kupiga kelele kwenye mawimbi.

"Bi Kazija we! Hivyo vikombe vyangu mnavikaanga? Si uliniambia Alhamisi jioni? Na viti je! Siku ya tatu leo mume wangu anakaa chini kama mtoto wa chuoni, na goti lake unalijua! Redio kaeni nayo, ila betri msiimalize!"

Kichochoro kizima kilisikia. Ndani, Bi Kazija alikuwa anammiminia Bi Sichana chai katika kikombe kimojawapo kati ya hivyo hivyo. Mkono ukamganda, chai ikajaa mpaka ikafurika kwenye kisahani. Hakujua alitazame birika au autazame mlango.

Bi Sichana alikizungusha kikombe, akakitazama ule ukingo wa dhahabu.

"Ndiyo maana," alisema. "Najiuliza tangu juzi, mbona mwenzangu anavishika kama vifaranga."

Machozi yalimtoka Bi Kazija. "Nisamehe, bibi. Tulitaka mtuone watu."

"Aka! Usilie. Unaiona kanga hii nnayojifunga? Ya dada yangu. Na kanzu ile aliyovaa Usi," akaonyesha dirishani kwa kidevu, "ya imamu wetu. Jana ilikuwa Ijumaa. Sijui masikini kawasalisha watu kavaa nini."

Bi Kazija akainua uso kuona kama anafanyiwa mzaha. Akamwona mwenzake ameuma midomo. Wakaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha hata Bi Kazija akalazimika kushika ukuta. Msabah, aliyekuwa amesimama ukutani nje ya mlango akiombea ardhi immeze, alisikia habari ya kanzu ya imamu naye akashindwa kujizuia. Alibeba viti vya watu viwili viwili akavivusha ng'ambo, akarudi akatandika mkeka. Tangu hapo wageni walikaa chini, wakanywea vikombe vya bati, na nyumba ikawa pana zaidi.

* * *

Mchele wa Serikali ulikuja siku ya nne. Shamsi aliweka meza nje ya kamba, orodha mkononi, askari akawa anapima kibaba kwa kichwa.

"Nyumba ya Msabah, vichwa vitatu."

"Vitano," alisema Msabah. "Nna wageni."

"Wageni hawamo. Orodha ni ya wakaazi."

Mzee Usi alikuwa amesimama nyuma yake. "Kijana, si wewe uliyeniambia aliyekutwa ndani ni wa ndani?"

"Kwa karantini, ndiyo."

"Na kwa mchele?"

"Kwa mchele wewe ni mtu wa Jambiani."

"Basi nipe ruhusa niende Jambiani nikale. Nikishiba nitarudi kufungwa."

Watu waliangua kicheko, na askari mwenye kibaba akamwaga punje chini. Shamsi hakucheka. Aliipekua karatasi yake mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta alichoandikiwa asikione, kisha akaita jina la nyumba inayofuata.

Siku hiyo Bi Kazija alipika mchele wa watu watatu kwa watu watano. Alitia maji mengi, ukatoka ubwabwa wa kunyweka.

"Nimeupika laini makusudi," alisema akiupakua, "kwa ajili ya meno ya Mzee."

"Meno yangu yote yamo," alisema Mzee Usi. Kisha akakanyagwa na Bi Sichana chini ya upindo wa kanga. "Lakini," akaongeza, "yanapenda kupumzika."

Wali ulikuwa na dawa yake, maji hayakuwa nayo. Mfereji wa mtaa ulikuwa hatua thelathini tu kutoka nyumba ya kwanza, lakini hatua hizo zote zilikuwa nje ya kamba. Asubuhi na alasiri wanawake walipanga foleni, kila mmoja anainyoosha ndoo yake kwa askari akajaze. Bi Kazija hakuwahi maishani mwake kumwomba maji mwanamume asiye wa kwao. Mara ya kwanza alifunika uso wote kwa buibui, akainyoosha ndoo kwa mkono wa kushoto bila ya kujijua, na askari akamwambia, "Bibi, unataka maji na hata salamu hakuna?" Alirudi nyumbani na nusu ndoo, akajifungia chumbani mpaka adhuhuri.

Mjaka alikuja siku ya tano, kwa baiskeli, kutoka Kizimbani. Nyuma alifunga pakacha la muhogo, mkungu wa ndizi na mchicha uliofungwa kwa jani la mgomba. Wakati huo mama yake alikuwa anasali na Bi Kazija yuko jikoni, kwa hivyo aliyetumwa kwenye kamba alikuwa Mwatum. Askari akalisukuma pakacha kwa fimbo mpaka likavuka.

"Wewe ndiye Mjaka?" aliuliza Mwatum, macho ameyaelekeza kwenye muhogo.

"Mimi ndiye."

"Ami yako mpaka leo hajasema neno."

"Nimesikia. Na akilisema?"

Mwatum akauchukua muhogo mmoja, akaugeuza. "Huu mtamu au mchungu?"

"Mtamu. Nimeuotesha mwenyewe."

"Nitakujibu nikishaula."

"Pazeni sauti!" alipiga kelele Bakar kutoka kwenye kiti chake, ng'ambo ya pili. "Huku hatusikii!"

Mwatum alilibeba pakacha mbiombio akaingia nalo ndani, na Mjaka akaipanda baiskeli yake kinyumenyume, akashuka, akaipanda tena.

* * *

Kila alasiri redio iliwekwa kwenye dirisha la Msabah. Bakar, mwenye redio, alikuja kukaa barazani hapo, na nyumba zote zikatoka. Hata watu wa mitaa mingine walisimama upande wa pili wa kamba. Redio ilisema mambo yanakwenda vizuri na wananchi wamezipokea hatua za Serikali kwa furaha.

"Wananchi gani?" aliuliza Mzee Usi. "Wewe umeulizwa?"

"Ugonjwa hauulizi mtu," alisema Bakar. "Mimi nimekaa karantini melini siku arubaini, bendera ya manjano juu ya mlingoti. Tulilalamika vilevile. Lakini tulishuka hai. Mkiiacha homa hii ikafika kwenu shamba, itawamaliza wazee. Kamba ni haki."

"Kamba sikuikataa. Nauliza kwa nini imekiona kichochoro hiki tu. Meli ilishusha watu wangapi? Wenye majumba ya pwani hawakupeana mikono na mtu? Sinema i wazi, watu wanapumuliana gizani, na mimi niliyekuja kunywa kahawa kikombe kimoja nimefungwa!"

"Serikali itafunga mji mzima watu wale nini?"

"Na sisi tunakula nini?"

Maneno yakapanda. Wengine walikuwa upande wa Bakar, hasa wenye wazee ndani; wengine upande wa Mzee Usi, hasa wachukuzi na wachuuzi waliokuwa wanapoteza kazi. Mzee Usi alipokasirika sana aliingia katika Kimakunduchi, lahaja ya kwao kusini, na hapo hakuna aliyeweza kumjibu. Msabah, mwenye baraza, alikuwa katikati, anamkubalia kila mmoja kwa kichwa.

Sauti ya Bi Kazija ilitoka ndani ya mlango. Haikuwa kubwa, lakini alikuwa hajawahi kusema katika baraza, na watu wakanyamaza. "Aliyeuchora mstari huu akauacha mfereji nje, huyo hajapata kuchota maji hata siku moja. Mimi nalijua hilo tu."

Bakar alijikuna ndevu. "Hapo kweli. Melini hata nahodha hufungwa pamoja na mabaharia. Anayepanga karantini naye lazima anywe maji yake."

Shamsi alikuwa amesimama kwenye kamba muda wote. Aliandika kitu katika kijitabu chake, akaondoka bila ya kuaga.

* * *

Siku ya tisa Msabah aliamka mwili unamwaka. Viungo vyote vilimuuma, kichwa kilikuwa kizito kama kinu. Alimwambia mkewe amechoka tu, akabaki chumbani na mlango ameurudisha. Lakini ukuta wa chokaa hauzuii kikohozi. Bi Sichana alikuja na bakuli la uji wa pilipili manga, akaliweka kizingitini, naye akakaa nje ya mlango.

"Kunywa ungali moto," alisema.

"Nimechoka tu, bibi."

"Wote wanaochoka hivyo hunywa uji huu."

Msabah alikunywa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Zimebaki siku tano. Nikisema, nyumba kumi na moja zinaanza upya kwa ajili yangu. Nyinyi hamwendi kwenu. Mimi hata posa ya mtoto wangu sijaisikia."

"Na usiposema?"

"Nitajificha humu mpaka ipoe."

"Na Bakar? Anakaa barazani kwako kila siku. Miaka sabini yule."

Bi Kazija alikuwa amesimama nyuma ya mwenzake na amesikia yote. "Msishauriane upuuzi!" alisema. "Siku nyingine kumi na nne za kumnyooshea askari ndoo? Watu watatutemea mate! Mtu kukohoa ndani ya nyumba yake nako ni kosa?"

Bi Sichana aliinuka, akaokota bakuli. "Mimi mgeni," alisema. "Nitakaa siku mtakazonikalisha." Akaenda zake jikoni, na Msabah akabaki anautazama mlango.

Ilipofika alasiri, redio imeshawashwa na watu wameshakaa, Msabah alitoka amejifunika blanketi. Hakwenda barazani. Alisimama peke yake katikati ya njia, mbali na kila mtu, akaelekea kwenye kamba.

"Bwana Shamsi. Andika. Mimi nnayo."

Kisha kelele zikatoka kila mlango. "Ungenyamaza, yakhe!" "Siku tisa zetu!" "Watoto wangu watakula nini?" Mchukuzi mmoja aliitupa kofia yake chini. Bakar alisimama kwenye baraza, kidole amekinyoosha. "Siku tano, Msabah! Siku tano ulishindwa kustahamili!"

Msabah alijikaza ndani ya blanketi. Meno yalikuwa yanagongana. Shamsi alikuwa ameshatoa penseli, lakini haikugusa karatasi.

Mzee Usi akashuka barazani akaenda kusimama karibu na blanketi, karibu kuliko ilivyofaa.

"Mnamkasirikia nini? Amefanya lile lile redio inalotwambia kila siku. Na wewe kijana, nisikilize. Sheria yako inamwadhibu anayesema na inamtunza anayeficha. Liandike jina hili moja, na hutaandika jingine tena, hata tufe wote humu kimyakimya."

Shamsi akafungua mdomo. Kabla hajajibu, dirisha la mbele likafunguka.

"Bakar alikuwa nayo siku ya pili," alisema Bi Mwanaasha.

"Mwanaasha!"

"Mwanaasha nini? Unamnyooshea kidole mtu mgonjwa! Nyinyi mnadhani viti nilivitakia goti? Goti lina nini? Alikuwa hawezi kulala kwa kikohozi, nikamkalisha kitini siku tatu nimemfunga shuka. Sasa mzima. Mwandike."

Bakar akakaa chini taratibu. Watu walimtazama, wakatazamana. Kisha mchukuzi aliyetupa kofia akainama kuiokota, na akiwa bado ameinama akasema, "Kwetu watoto watatu. Wameshapoa." Bibi mmoja kizee akasema yeye ilimpata kabla hata ya kamba. Nyumba ya pili, nyumba ya sita, nyumba ya kona. Kila aliyesema alianza kwa aibu na kumaliza kwa kicheko, maana wote walikuwa wamekohoa ndani ya mito. Katika nyumba kumi na moja, nane zilikuwa nayo au zilishakuwa nayo. Hata baharia wa nyumba ya mwisho alitoka akauliza, "Kwani mimi bado nnaumwa? Mimi nshapona tangu Jumanne!"

Shamsi alijaribu kuhesabu siku kumi na nne juu ya kila jina, akafika kwenye mwaka mpya, akaacha. Alikishusha kitambaa puani. Ndipo watu walipoona kuwa ni kijana mdogo kuliko walivyodhani, na kwamba anajizuia kucheka.

"Semeni polepole," alisema. "Karatasi nnayo moja."

Aliiandika mbele, akaigeuza, akaiandika nyuma.

* * *

Asubuhi ya pili alikuja na daktari, Mzungu mrefu aliyepinda mgongo kwa kuingia katika milango ya watu. Daktari aliuliza kama kuna aliyekufa. Hakuna, alhamdulillahi. Akauliza nani atasema kwa niaba ya kichochoro. Bakar na Mzee Usi wakasimama kwa pamoja, wakatazamana kwa hasira, kisha wakasema maneno yale yale mmoja baada ya mwingine. Shamsi akatafsiri. Wale waliosikia Kizungu kidogo walisema aliongeza na yake, kuhusu mfereji na kuhusu mchele wa wageni.

Daktari hakusema kuwa Serikali ilikosea. Serikali haisemi hivyo. Alisema hali imebadilika. Kamba ikafunguliwa siku ile ile, na amri ikawa nyumba yenye mgonjwa tu ndiyo ikae ndani siku saba. Kwa kuwa wengine walishapona, nyumba hiyo ilikuwa moja, ya Msabah, wageni wake wakiwemo, na safari hii vichwa vitano viliandikwa kwa wino.

Siku hizo saba Bi Kazija hakuwasha jiko ila kwa chai. Waliokuwa wakimzomea mumewe waliweka sufuria mlangoni, wakabisha, wakakimbia: mchuzi wa pweza, muhogo wa nazi, mikate ya kumimina. Mchukuzi mwenye kofia alileta maji, ndoo mbili asubuhi, mbili alasiri, bila ya kuombwa. Bakar alikaa kwenye baraza yake na kupiga kelele kumsomea Mzee Usi habari za gazeti, apate wa kubishana naye. Siku ya nne Msabah alikula sahani nzima, na Bi Sichana akasema mgonjwa amekwisha, aliyebaki ni mlafi.

* * *

Siku ya kumi na saba Shamsi alileta karatasi ya kuwatoa. Wageni wakafunga vifurushi vyao. Wakaombana radhi na kuagana kama watu wanaokwenda Hija. Bi Kazija na Bi Sichana walikumbatiana, wakaachana, wakakumbatiana tena. Mzee Usi alimpa Msabah mkono, akasema, "Haya, Bwana. Tumewachosha. Kwaherini." Na kweli wakatoka.

Mwatum alibaki nyuma ya pazia, hakuamini. "Mama, wameondoka."

"Wameondoka."

"Na neno?"

Bi Kazija alianza kukusanya vikombe vya bati. Msabah alikaa juu ya mkeka anautazama ukuta.

Wageni walipita mfereji, wakatokea Darajani, wakafika kwenye gari la shamba. Mjaka alikuwa hapo na baiskeli yake. Mzee Usi aliweka mkono juu ya ubao wa gari, akamuuliza dereva, "Nikitaka kupanda sasa hivi, nani atanizuia?"

"Akuzuie nani, Mzee? Panda."

"Vizuri," alisema Mzee Usi. "Sipandi." Akageuka, na Bi Sichana ameshageuka kabla yake; Mjaka akawafuata na baiskeli.

Haikupita robo saa, Msabah akasikia mlango unabishwa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Alinyanyuka mbio hata kofia ikamwanguka. Akasimama nyuma ya mlango, akajiweka sawa. "Karibu. Nani?"

"Wageni, kutoka Jambiani."

"Mmefika lini mjini?"

"Sasa hivi tu. Tunapita njia, tukasema tuingie tuseme neno."

Akawafungulia. Walikaa juu ya mkeka, na safari hii Mzee Usi hakuzunguka: wao wamekuja kumtaka Mwatum kwa kijana wao Mjaka, wanamtaka kwa heri na kwa sheria, na wakikataliwa gari liko Darajani linawasubiri.

Msabah alitaka kukubali pale pale, lakini alikuwa mtu wa mji na alijua taratibu. Akainamisha kichwa. "Tumesikia. Mtatupa wiki moja, tushauriane na jamaa, tupeleleze tabia za watu..."

"Wiki!" alipiga ukelele Bi Sichana. "Upeleleze nini tena, Bwana Msabah? Nimekaa humu siku kumi na saba. Mimi nawajua nyote mnavyokoroma!"

Nyuma ya pazia kikatoka kicheko. Hakikuwa kicheko cha mwari. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyezidiwa, kilichopasuka kikajaza ukumbi mzima, na kila alipojaribu kukizuia kikazidi. Bi Kazija aliuma kidole kwa aibu. Msabah alimtazama mkewe, akalitazama pazia linavyotikisika.

"Vitabu vinasema mwari akinyamaza ndiyo amekubali," alisema. "Huyu wetu sijui tumwandike vipi."

"Mwandike amekubali," alisema Mzee Usi, naye ameshakunjua miguu juu ya mkeka, "na umwambie mwanetu aliye nje aiache hiyo baiskeli aingie, kabla hajaangusha ukuta kwa kuuegemea."